Canter moja ya udongo mweusi wa Isongole: tathmini yangu baada ya mwaka mmoja na nusu

Nianze na hesabu, ili asiyetaka hadithi aondoke mapema. Canter moja ya tani 3, udongo mweusi kutoka Isongole wilayani Rungwe, ikashushwa uwanjani kwangu Vwawa: shilingi 280,000. Hapo 60,000 ni za mwenye udongo pamoja na vijana wa kupakia, na 220,000 ni za gari. Gari lenyewe nilipata kwa bei ya ndugu, maana dereva ni mtoto wa kaka yangu na alikuwa anarudi tupu baada ya kupeleka mahindi Tukuyu. Ukikodi la kwenda na kurudi, piga hesabu yako mwenyewe na usinilaumu.

Naupa nyota tatu kati ya tano. Kama ningekuwa na kitalu changu kule kule ulikolala, ningeupa tano na kuomba ya sita. Tofauti ya hizo nyota ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi ni mtu wa kitalu. Msimu mzuri natoa miche kama 6,000, mingi ni parachichi za kubebesha aina ya Hass, kidogo kahawa, na nyanya za kusukuma siku. Nimezaliwa Rungwe nikaolewa Mbozi, kwa hiyo mjue kabisa kwamba anayeandika ana upendeleo. Kwa bibi yangu viazi mviringo tulichimbua kwa mikono. Jembe lilikuwepo, ila jembe linakata viazi. Unaingiza vidole, udongo unafunguka wenyewe, mkono unazama hadi juu ya kifundo, unatoka na viazi vitatu na kucha nyeusi. Mwaka wangu wa kwanza Mbozi mama mkwe alinipa jembe mwezi wa nane nichimbe shimo la taka. Mpini ulivunjika kabla ya saa nne asubuhi. Udongo wetu mwekundu huku ukikauka ni tofali ambalo bado halijafyatuliwa. Mama mkwe alicheka, akaniambia, "Huku mwanangu tunasubiri mvua." Tangu siku ile nina hamu na udongo wa nyumbani kama wengine walivyo na hamu na samaki mbasa wa Kyela.

Basi mwaka juzi, mwezi wa saba, nikampigia simu kijana.

"Shangazi, unataka nibebe udongo? Udongo si umejaa hapo Mbozi? Watu watanicheka barabarani."

"Wacheke. Wewe funga turubai."

Nilikwenda mwenyewe, maana udongo haununuliwi kwa simu. Mwenye eneo, baba mmoja wa makamo, alikuwa anasawazisha kiwanja kwenye mteremko ili ajenge, na udongo wa juu alikuwa anausukumia bondeni. Hilo lilinipa moyo. Nisingetaka kununua udongo unaochotwa shambani, nitalirudia baadaye. Alianza na 80,000. Nilipomshukuru kwa maji ya kunywa nikasema "ndaga fijo", akanitazama vizuri, akauliza ukoo wangu, tukahesabiana wajomba, na bei ikashuka kwa 20,000 bila mimi kuomba. Kwa hiyo hiyo 60,000 ni bei ya mtoto wa nyumbani.

Kabla ya kupakia nilifanya jaribio la vidole, na hili nawashauri wote mlifanye, ni la bure. Chukua bonge bichi, lishike kati ya kidole gumba na cha shahada, kandamiza huku unasugua. Mwanzoni ni gumu kidogo. Halafu ghafla linaachia, linateleza kama sabuni ya mche iliyolowa, na maji yanatokea vidoleni ingawa sekunde moja iliyopita ungeapa kwamba ni kavu. Huo ndio wenyewe. Ukivutika na kunata kama unga uliokandwa, umeuziwa mfinyanzi wenye rangi nzuri.

Utelezi huo huo ulitukwamisha. Canter ilipojaa, tairi za nyuma zilizunguka mara mbili tu na udongo chini yake ukageuka uji. Tulisukuma nusu saa, vijana wanne na mimi na kitenge changu. Kila aliyepita na gari kijiji kile anajua: udongo unaoonekana umetulia kabisa, ukiutikisa chini ya uzito unasahau kwamba ulikuwa mgumu.

Niseme kidogo unatoka wapi, maana wateja wangu huniuliza na wengi hudhani ni weusi wa kuoza majani tu. Ni majivu ya volkano. Mlima Rungwe, Ngozi wenye ziwa lake kileleni, na Kyejo, wote wamewahi kulipuka. Miaka ipatayo 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka vibaya sana, ukarusha vile vijiwe vyepesi vyenye vitundu ambavyo mama zetu walisugulia visigino, vikaangukia eneo kubwa. Kyejo ulimwaga lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, yaani wapo watu ambao babu wa babu yao angeweza kuushuhudia ule moto. Jivu la namna hiyo ni kioo kilichosagika. Likinyeshewa mvua kama ya Tukuyu, inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, linaoza haraka kuliko mwamba wa kawaida, na linachozaa ni madini ya ajabu yanayoitwa alofeni: vijipira vidogo kupita kiasi, vyenye uwazi ndani. Vijipira hivyo vinakumbatia mboji na kuizuia isioze ikaisha. Ndiyo maana weusi unashuka chini kwa kina, na ndiyo maana udongo wa aina hii ni miongoni mwa unaotunza kaboni nyingi zaidi duniani.

Jina lake la kitaalamu ni andosoli. Limetoka Kijapani, "an" ni giza au weusi na "do" ni udongo, kwa sababu Wajapani nao wanaishi juu ya majivu. Duniani kote hauzidi sana asilimia moja ya ardhi. Kwetu Tanzania unaupata Rungwe, Kilimanjaro, Meru na nyanda za Ngorongoro, yaani popote ambapo mlima uliwahi kutema moto na mvua ikafuata. Ndiyo, nimesoma. Mtu akitumia 280,000 kwa udongo anasoma.

Sasa kazi yake.

Uzito kwanza. Nilijaza ndoo ya lita 20 udongo mwekundu wa hapa, mkavu, nikaipeleka kwa jirani mwenye mizani ya kupimia mahindi: kilo 22. Ndoo ile ile ya udongo mweusi ulioanikwa: kilo 13. Vitabuni wanasema lita moja ya udongo huu, ukikauka bila kuvurugwa, haizidi kilo 0.9, na wa kawaida unaanzia kilo 1.1 kwenda juu. Kwa mtu wa kitalu hili si jambo dogo. Kiriba chepesi kinabebwa kumi kwa kreti badala ya sita, na bodaboda aliyekuwa ananiletea uso wa kununa alibeba miche 60 kwa safari moja, akasema mama leo umeweka pamba humu.

Mizizi iliupenda. Nilichanganya ndoo tatu za udongo, moja ya samadi iliyoiva na moja ya pumba za mpunga zilizochomwa, nikajaza viriba 1,400, nikapanda mbegu za parachichi za kienyeji kwa ajili ya kubebeshea. Miezi mitatu baadaye nilipasua viriba vitano vya mweusi na vitano vya mwekundu ili nilinganishe. Kwenye mwekundu mzizi mkuu ulikuwa umefika chini ukajikunja kwenye kona, mizizi midogo michache. Kwenye mweusi ilikuwa nywele, nyeupe, imeshika kila mahali, na ukitikisa udongo hauachii. Parachichi haipendi kusimama ndani ya maji, mizizi yake inaoza upesi, na udongo huu una tabia mbili ambazo mtu angedhani zinapingana: unashika maji mengi na papo hapo unapitisha yanayozidi. Mwekundu niliumwagilia kila siku wakati wa kiangazi. Mweusi, siku ya tatu kidole bado kinatoka na unyevu. Kwenye bili ya maji na mgongo wa binti anayenisaidia, hiyo ni akiba ya kweli.

Hapo nilikuwa nimeshaandika kichwani mapitio ya nyota tano.

Viriba 1,400 havikumaliza Canter. Rundo lililobaki, kama theluthi hivi, niliacha pale uwanjani wazi. Turubai kijana aliondoka nalo, lilikuwa lake. Sikuona shida. Kwa bibi hakuna aliyewahi kufunika udongo. Ila kwa bibi mvua haikai mbali. Ukiambiwa ni kiangazi, kesho asubuhi kuna ukungu na manyunyu, na migomba inadondosha maji hadi saa nne. Vwawa mvua ikikata mwezi wa nne au wa tano, mpaka Novemba au Desemba ni jua na upepo tu. Mwezi wa tisa rundo langu lilikuwa limebadilika rangi kutoka nyeusi hadi kahawia ya kijivu, na upepo wa mchana ulikuwa unalisambaza juu ya nguo za jirani. Nikasema nilimwagie maji tu, litarudi.

Halikurudi. Nilimwaga ndoo nzima, maji yakatelemka pembeni kama yamemwagwa juu ya mfuko wa nailoni, yamebeba vumbi juu yake linaelea kama ufuta. Nikachimba katikati: pakavu. Nikaweka kiasi kwenye beseni la maji nikakiacha usiku kucha. Asubuhi kingine kilikuwa bado kinaelea, na kilichozama kilikuwa chembe chembe ngumu, ukisugua vidoleni ni kama mchanga. Ule utelezi wa sabuni hapana tena.

Hili sikulijua, na nimekulia juu ya udongo huu. Nilikuja kusoma baadaye: ukikauka kabisa, vile vijipira na mboji vinashikana na havifunguki tena. Uwezo wa kushika maji uliokuwa nao mbichi hauurudii. Kule mlimani haukauki kiasi hicho chini ya majani na migomba, kwa hiyo bibi hakuwa na haja ya kujua. Nilinunua kitu chenye masharti na sikusoma masharti, na masharti yenyewe ni mvua ya Rungwe. Rundo lile nilimalizia kama mchanga, kuchanganya na mwekundu ili upumue, na kwa kazi hiyo lilifaa. Mchanga wa mtoni tena wa bure upo hapa hapa.

Nyota ya kwanza ilidondoka hapo, na kosa ni langu.

Ya pili ilidondokea kwenye mbolea. Nilipochanganya udongo mwanzoni nilitia kilo 3 za DAP, mbolea yenye fosforasi, kwenye rundo zima, nikageuza kwa koleo mpaka mgongo ukalia. Muuzaji wa duka la pembejeo ndiye aliyenielekeza hivyo, na kwa udongo mwekundu nimefanya hivyo miaka yote. Sasa mimi huwa napanda mahindi kwenye viriba kumi vya kila mchanganyiko mpya, kama mtu anavyoonja chumvi. Mahindi yanasema ukweli haraka. Wiki ya tatu yale ya udongo mweusi yalikuwa mafupi, na majani ya chini yana zambarau pembeni. Mkulima yeyote anajua zambarau ile: fosforasi haipo. Lakini nimeweka kilo 3! Nikarudi dukani, nikaambiwa niongeze nyingine tatu.

Sikuongeza. Nilipeleka udongo maabara. Majibu: pH 5.7, si mbaya hata kidogo, mboji nyingi sana, fosforasi inayopatikana kwa mmea ni kidogo mno. Mtaalamu aliyenisomea karatasi alikuwa kijana mpole, akaniambia, "Mama, udongo huu unakula fosforasi kabla mmea haujaonja." Ile alofeni, pamoja na aluminiamu na chuma chake, inaikamata fosforasi na kuing'ang'ania. Kipimo kimojawapo wanachotumia kuutambua udongo wa namna hii ni kwamba unaweza kunasa asilimia 85 au zaidi ya fosforasi wanayoimwagia maabara. Yaani ukichanganya DAP yako kwenye rundo zima umewakaribisha wanaonasa wote mezani, na mche umeukalisha nje.

Dawa ni kuificha. Usisambaze. Sasa najaza kiriba nusu, naweka kiganja cha samadi iliyoiva iliyochanganywa na nusu ya kifuniko cha soda cha DAP, nafunika na udongo vidole viwili ili mbolea isiunguze, ndipo napanda juu yake. Mbolea inakaa kwenye kijungu kimoja, mzizi unaikuta, na udongo unaoigusa ni kidogo. Samadi nayo inasaidia, maana mboji mpya inashindania nafasi zile zile ambazo fosforasi ingekamatwa. Mahindi ya jaribio la pili yalitoka ya kijani mpaka chini. Na hapo nikaelewa kwa nini kwetu samadi na majivu ya jikoni vilikuwa vinatiwa kwenye shina la mgomba, shimoni, na hakuna aliyekuwa anavirusha shamba zima kama anayelisha kuku.

Kuna jambo la tatu ambalo si kosa la udongo wenyewe ila linaambatana nao. Kiwanja kile cha Isongole kilikuwa shamba la viazi kabla ya ujenzi. Nikaweka miche 40 ya nyanya kwenye udongo ule. Mmoja mmoja ikaanza kulegea mchana huku bado ya kijani, kama iliyomwagiwa maji ya moto, na 11 ikafa. Nilikata shina nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Mnyauko bakteria. Unakaa kwenye udongo, na viazi, nyanya, bilinganya na pilipili vyote ni ndugu mbele yake. Parachichi zangu hazikuguswa. Lakini nilikuwa nimebeba ugonjwa kilomita zaidi ya mia moja kwa pesa yangu mwenyewe na kuushusha mlangoni. Viriba vyote vya nyanya nilivitoa nje, udongo wake nikaufukia mbali na bustani, majembe nikayaosha kwa dawa ya madoa. Ukienda kununua, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: hapa palilimwa nini mara ya mwisho?

Nimalizie manung'uniko. Safu ya juu nyeusi pale kiwanjani ilikuwa kama kimo cha goti langu. Chini yake rangi inageuka kahawia ya njano, halafu inakuja tabaka la vile vijiwe vya kusugulia visigino. Mimi nilisimamia upakiaji mpaka nikaitwa kunywa chai, na unajua chai ya kwetu inakuja na ndizi za kuchemsha, hainywewi ukiwa umesimama. Nilipofika Vwawa tukamwaga, sehemu ya chini ya mzigo ilikuwa nyeusi, juu yake kuna kama robo ya kahawia na vijiwe. Yaani vijana walishuka chini bila kunijulisha. Vijiwe sikuvichukia, nimevichekecha na naviweka chini ya viriba vya kahawa, vinapitisha maji vizuri kuliko kokoto na havina uzito. Lakini ile kahawia haina mboji ya kutosha, na bei ilikuwa ya mweusi. Chai kunyweni baada ya turubai kufungwa.

Kuhusu matumizi mengine, mnaouliza kama unafaa tofali au kukandika: mweusi wa juu usijaribu, hauna mshiko, na una mboji tele. Bustani ya maua kwenye makopo, ndiyo, vizuri sana, mradi usiyasahau makopo ukasafiri. Iliki niliotesha kwenye kivuli cha mgomba nyuma ya bafu, ambako hapakauki, na huo ndio mmea wangu wenye furaha kuliko yote hapa nyumbani. Una majani kama ya Rungwe kabisa. Nadhani haujui kwamba uko Mbozi.

Na hapo ndipo penye lile nililosema nitalirudia. Nilipokuwa Isongole nilitembea kidogo kupanda juu, nikatazama. Viazi kwenye matuta, migomba, mbele huko kuelekea Tukuyu chai imelala kama zulia, parachichi kila ua siku hizi. Udongo uleule, majirani walewale, na kila kimoja kinaupata kile kinachokitaka: chai inapenda uchachu wake, viazi vinapenda wepesi, mgomba unapenda maji yake. Nikaona pia mashimo mawili kandokando ya barabara ambako udongo wa juu umechotwa wote na kuuzwa, imebaki ile kahawia, na mahindi yaliyopandwa humo yanasikitisha. Majivu yale yalichukua maelfu ya miaka kuwa udongo. Canter inajaa kwa dakika 40. Sitanunua udongo uliochotwa shambani, na wa kwenye msitu wa hifadhi ya Mlima Rungwe hata usithubutu kuuliza. Wa kiwanja kinachojengwa ambao ungetupwa bondeni, huo nitachukua bila kujisikia mwizi.

Kama unauza miche Uyole, Igawilo au popote ambako ukungu wa mlima unakufikia, nunua, uko karibu na safari ni fupi. Kama uko Mbozi, Momba au Makambako na huna kivuli wala maji ya uhakika, weka pesa yako kwenye samadi na pumba, tengeneza udongo wako mwekundu. Kwa miche ya kubebesha parachichi ambayo mteja ataibeba mbali, mimi bado nitautumia, kwa ajili ya ile mizizi na ule wepesi: miche iliyokufa njiani msimu uliopita ilikuwa 9 kati ya 1,400, na kwenye mwekundu nilizoea kupoteza 60 au 70.

Kijana anapeleka mahindi tena Tukuyu mwisho wa mwezi. Nimemwambia alete nusu Canter tu, atoke na ramani ya nani anajenga, aulize kilimo cha mwisho kilikuwa nini, na asinywe chai. Turubai nimeshanunua la kwangu, zito, 35,000, na shimo la kuuhifadhi nimechimba chini ya mwembe. Safari hii nilisubiri mvua.